Karani Kasema "Nzuri", Kisha Kafungua Daftari

*Maswali ya wasomaji kuhusu programu na wanaozitumia*

Tumetengeneza programu ya simu ya kurekodi zabibu zinazopokelewa kwenye chama chetu cha ushirika. Makarani tuliwafundisha mara mbili, wote wakasema ni nzuri. Wiki ya pili ya mavuno wamerudi kwenye daftari. Tuwafundishe tena au tuwalazimishe?
*Msomaji, Mpunguzi*

Yote mawili hapana. Ile "nzuri" ilikuwa adabu tu. Aliyekaribishwa chakula hasemi chumvi imezidi. Ukitaka ukweli, tazama kidole cha karani.

Lakini anzeni na daftari, maana ndilo linalowashinda. Linafunguka papo hapo, halidai neno la siri, na karani akikosea anakata mstari na kuandika upya. Tena mkulima aliyesimama pembeni anaona kilo zake zikiandikwa. Simu imemgeukia karani peke yake, na hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia.

Sasa chukueni makarani watano, mmoja mmoja, pale pale kwenye mzani, jua likiwaka. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Mnarekebisha, kisha mnajaribu na wengine. Msitaje neno lililoko kwenye kitufe. Ukisema "bonyeza Ongeza Mzigo" umeshamwonyesha njia. Sema: "Huyu kaleta kreti tatu, ya kwanza kilo 24.5, mwandikie." Kisha nyamaza. (Kunyamaza ndiko kugumu, aliyeitengeneza programu kidole humwasha.) Andikeni sekunde zilizopita tangu kreti ipande mzani hadi kilo zihifadhiwe, mahali kidole kiliposita, na mahali aliporudi nyuma. Akiuliza "nibonyeze hapa?", mjibu "wewe ungefanyaje?"

Tunachotarajia mkute kwanza ni kusubiri mtandao. Simu ikijibu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona imemtii hapo hapo. Ikifika sekunde moja anahisi kuchelewa, ila bado hajapoteza alichokuwa anafikiri. Zikifika kumi, macho yameshahamia kwenye foleni. Kwa hiyo hifadhini kwanza ndani ya simu, mtume mtandao ukipatikana, na maneno mawili yaonekane tofauti: "Imehifadhiwa kwenye simu" na "Imetumwa". Asipoona lolote atabonyeza tena, na mzigo mmoja utaingia mara mbili. Kinga yake ni kila mzigo kupewa namba yake humo humo kwenye simu kabla haujatumwa, ili seva (kompyuta inayopokea kumbukumbu zote) ikiletewa tena iutambue na kuuacha.

Kasoro nyingine ni nukta. Vidole vyenye maji ya zabibu vinairuka, 24.5 inakuwa 245. Programu iulize, "Kilo 245 kwa kreti moja?", na mizigo mitatu ya mwisho ibaki ikionekana kama mistari ya daftari. Mwongozo wa Android unataka kitufe kisipungue milimita 9 hivi kila upande. Kwa kazi ya mzani ongezeni. Mkulima naye atumiwe ujumbe mfupi wa kilo zake. Usizidi herufi 160, wala msiweke kikatuni cha kucheka: kimoja tu kinashusha kikomo hadi herufi 70, na mtalipia jumbe mbili au tatu.

Wateja wa saluni yangu wanajiandikisha kwa simu, lakini wengine wanachagua 02:00 wakimaanisha asubuhi. Nifanyeje?
*Msomaji, Area C*

Hawajakosea, wamesoma saa kama inavyosomwa hapa. Ndani ya programu weka saa za kompyuta, ila kwenye skrini toa saa 6 na uongeze kipindi: 08:00 iwe "saa 2 asubuhi", 15:00 iwe "saa 9 alasiri". Muda ambao saluni imefungwa usiuonyeshe kabisa, na hiyo 02:00 haitachagulika tena. Kwa wenye kazi za usiku kuna mtego zaidi: "usiku wa Ijumaa" kwa wengine ni Alhamisi jua likishazama. Ukimaanisha Ijumaa jua likishazama, andika "usiku wa kuamkia Jumamosi" hata kama ni refu.

Programu yetu inauliza "Hutaki kuhifadhi?" na watu wanapoteza kazi zao. Mbona swali liko wazi?
*Msomaji, Kizota*

Liko wazi kwa aliyeliandika. Kwa Kiswahili ukiulizwa "Hutaki?" ukajibu "Ndiyo", umekubali kwamba hutaki. Mwingine anabonyeza "Ndiyo" haraka akidhani anasema anataka. Kitufe kimoja, maana mbili zinazopingana. Ondoeni Ndiyo na Hapana, kila kitufe kiseme kitakachotokea: "Hifadhi" na "Toka bila kuhifadhi". Viacheni mbali kidogo, na hicho cha pili kisiwe na rangi inayovutia kuliko cha kwanza. Na kama mna kitufe cha "Wasilisha", nacho mngekibadilisha. Dukani mtu husema "tuma".