Madini ya risasi (sumu ya kwenye betri) yaliyoniingia utotoni yatamfikia mtoto aliye tumboni?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina mimba ya miezi minne. Nimekulia jirani kabisa na sehemu ya kuyeyusha betri za magari, na hata mama alinibeba mimba hapo hapo. Nikiwa darasa la tatu tulipimwa mimi na kaka zangu, wote tukakutwa na risasi nyingi kwenye damu, tukahama. Shule ilitushinda wote, ndugu wakawa wanasema ni laana ya ukoo. Mwaka jana kabla sijabeba nilipima tena ikawa ndogo, nikaambiwa sahau hayo mambo. Ila mume wangu anasema hiyo kitu haitoki mwilini. Mwanangu je?

JIBU: Mdogo wangu, usisahau. Kipimo cha damu kinaonyesha zaidi ulichokula au kuvuta miezi ya karibuni, maana kwenye damu risasi hupungua nusu kwa mwezi mmoja hivi, lakini ile ya utotoni ilishahamia kwenye mifupa kwa sababu mwili unaichukua kama kalisiamu. Kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyonayo iko mifupani, na inaweza kukaa huko miaka 10 mpaka 30 ndo ipungue nusu.

Sasa ukibeba mimba mtoto anahitaji kalisiamu ya kujenga mifupa yake, hasa ile miezi mitatu ya mwisho, kama huli ya kutosha mwili unachota kwenye mifupa yako na risasi inatoka nayo, kondo la nyuma haliizuii. Mama yako aliivuta pale pale mlipoishi na wewe ukaipata ukiwa tumboni kwake kisha ukaivuta mwenyewe, hapo laana iko wapi jamani? Risasi inajulikana kupunguza umakini na uwezo wa kujifunza, kwa hiyo naomba sana wewe na kaka zako msijiite wajinga.

Pima tena sasa hivi, halafu urudie mimba ikikua. Ikifika maikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe, na mjamzito asiyepata kalisiamu ya kutosha kwenye chakula aongezewe. Hata ikiwa chini ya hapo, kiwango salama hakijulikani, so mwambie daktari wako historia yako yote na uliza kuhusu kalisiamu na madini ya chuma, maana vikipungua mwili unafyonza risasi zaidi. Hamu ya kula udongo ikikushika usiifuate kabisa.

Dawa za kusafisha damu za mitaani achana nazo, nyingine zimekutwa na risasi humo humo. Kunyonyesha nyonyesha, labda kipimo kije juu sana na daktari akwambie vingine.

Mume wako kama anashika betri au anakwangua rangi za zamani, abadilishe nguo na aoge huko huko kazini kabla hajaingia ndani.