Ukiwa mbali na shamba, uliza hesabu usiulize habari

Simu ya "huku kwema" haimsaidii mwenye mifugo aliye mbali. Si lazima mchungaji awe mwongo. Kwake ng'ombe akisimama na kula, basi kwema. Dai namba zinazokaguana zenyewe.

Anza na dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe. Tuseme lebo inataka mililita 2 kwa lita 1 ya maji, na ng'ombe mzima unamlowesha kwa lita 10. Ng'ombe 10 watakula mililita 200 za dawa kila wanapoogeshwa. Kwa kuogesha kila wiki, chupa ya lita 1 inaisha wiki ya 5. Ikidumu miezi 3, ama wiki zinarukwa ama dawa inazimuliwa, na dawa hafifu ndiyo inayozalisha kupe sugu. Ikiisha wiki ya 2, ng'ombe wa watu wanaoga kwa pesa yako. Hasara hiyo inauma, ila ile ya kwanza ndiyo inayoua mifugo. Kila siku ya kuogesha itumwe picha ya chupa ikiwa imeelekezwa kwenye mwanga, usawa wa dawa uonekane. Uliza pia kama dawa ilifika ndani ya masikio na chini ya mkia, maana ndiko wavivu huruka.

Kila mnyama avae hereni yenye namba, na siku ya kupandishwa iandikwe. Mbuzi hubeba mimba kama siku 150, ng'ombe 283. Ukiwa na tarehe, wewe ndiye wa kupiga simu kuulizia ndama. Mnyama akifa, taka picha ya hereni ikiwa bado sikioni. Hereni iliyo kiganjani haithibitishi kitu. Damu ikivuja puani au njia ya haja, mzoga usipasuliwe wala kuliwa, huenda ni kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu. Aitwe daktari wa mifugo.

Kwenye mahindi, wiki 2 au 3 baada ya kupanda, ivutwe kamba ya mita 10 kando ya mstari na miche ihesabiwe. Kwa nafasi ya sentimita 25, mche mmoja kila shimo, tarajia 40. Ukiambiwa 20, huenda mbegu zilifukiwa chini mno, zililiwa, au mbolea iligusana nazo ikaziunguza. Zipimwe sehemu 5, zikiwemo za katikati. Kando ya njia hupandwa vizuri siku zote.

Mshahara nao utoke tarehe ileile. Ukichelewa, utaanza kusikia kwamba ng'ombe wamepunguza maziwa.