Fomati za picha kwa ramani kubwa za angani: mambo ya kuamua kabla droni haijaruka

Ukiuliza fomati ipi ni bora kwa ramani ya angani utapata majibu kumi, na yote yanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kazi moja ina picha za aina tatu. Kuna zinazotoka kwenye kamera, kuna ambazo programu inazitengeneza wakati wa kuchakata, na kuna ile kubwa anayokabidhiwa mteja. Kila moja ina mahitaji yake. Wanaoanza wengi huchagua TIFF kwa kila kitu kwa kuwa wamesikia haipotezi chochote, kisha diski zinajaa kabla kazi haijafika nusu.

Anza na hesabu. Chukua kamera ya megapikseli 20, picha yenye pikseli 5472 kwa 3648, na pikseli moja iwe sentimita 3 ardhini. Picha moja inafunika mita 164 kwa 109. Ukiweka mpandano (sehemu ya picha inayorudiwa kwenye picha jirani) wa asilimia 80 mbele na 70 ubavuni, kila picha mpya inakuongezea mita 22 kwa 49 tu. Kilomita moja ya mraba inakula picha 930 hivi, na kilomita za mraba 100 zinakula kama 93,000. JPEG ya kamera ya namna hiyo ikiwa megabaiti 8 na RAW ya DNG (data ghafi ya kamera) ikiwa 40, utabeba gigabaiti 750 kwa JPEG au terabaiti 3.7 kwa RAW. Hapo bado hujaweka nakala ya pili, na nakala ya pili ni lazima.

Lakini diski hununuliwa. Kinachoumiza zaidi ni muda wa kamera kuandika kwenye kadi. Kamera ndogo ya droni inaweza kupiga JPEG kila sekunde 2, ila kwa RAW ikahitaji sekunde 5. Droni ikienda mita 10 kwa sekunde, sekunde 2 ni mita 20 na mpandano wako uko salama. Sekunde 5 ni mita 50, na mpandano wa mbele unashuka hadi asilimia 54. Juu ya mji programu inaweza kuvumilia. Juu ya miti, mahindi au majani marefu itashindwa kushona, yaani kuunganisha picha, nawe utapata mashimo katikati ya ramani. Ili urudi kwenye asilimia 80 inabidi upunguze mwendo hadi mita 4.4 kwa sekunde, maana yake muda wa kuruka unazidi maradufu, betri zinaongezeka, na jua linasogea kiasi kwamba vivuli vya mstari wa kwanza havifanani na vya mstari wa mwisho. Kupiga JPEG na RAW kwa pamoja ndiko kubaya kuliko vyote, maana unapata mwendo wa RAW na mzigo wa zote mbili.

Kwa hiyo, kwa ramani ya kawaida ya rangi kwenye mwanga mzuri, piga JPEG ya ubora wa juu kabisa ambao kamera inaruhusu, na usiione kuwa ni njia ya mkato. Programu ya kushona inatafuta alama zinazofanana kati ya picha, na kwa mpandano wa 80 kwa 70 kila nukta ya ardhi inaonekana kwenye picha 16 hivi. Kasoro ndogo za mbano kwenye picha moja hazina nguvu mbele ya picha nyingine 15. Kinachoharibu kazi ni mipangilio: mizani ya weupe iliyoachwa ijiamulie yenyewe, hivyo mstari mmoja ukatoka wa bluu na wa pili wa njano, kukolezwa kwa kingo, zumu ya kidijitali, na marekebisho ya lenzi yanayofanywa ndani ya kamera. Hilo la mwisho lizime kabisa. Programu inakokotoa upindaji wa lenzi yenyewe, na ukiipa picha zilizokwisha kunyooshwa itatafuta upindaji ambao haupo. Dalili yake ya kawaida ni uso wa ardhi uliobonyea au kuvimba katikati kama bakuli.

RAW ina mahali pake. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 12 ina 4,096 na ya biti 14 ina 16,384. Kama eneo lina mchanga mweupe unaong'aa kando ya msitu wenye vivuli vizito, tofauti hiyo utaiona, kwa sababu kwenye JPEG vivuli vitakuwa vyeusi visivyo na kitu ndani. Ukiamua kutumia RAW, zisafishe zote, yaani zigeuze kuwa picha za kawaida, kwa mipangilio ileile. Usibonyeze kitufe cha marekebisho ya moja kwa moja kinachoiangalia kila picha peke yake, usikate kingo, wala usiruhusu programu izungushe picha kufuata alama ya mwelekeo. Picha moja ikizungushwa nyuzi 90 inahesabiwa kuwa ya kamera nyingine.

Kamera za bendi nyingi (zinazorekodi kila sehemu ya mwanga peke yake), za kupima afya ya mimea kwa mfano, hazina mjadala: TIFF ya biti 16 au RAW. Nambari za pikseli pale ni vipimo vya mwanga uliorudi. JPEG ya rangi imeshapindishwa ili ipendeze machoni, na fahirisi ya mimea utakayoikokotoa juu yake itakuwa na rangi nzuri isiyo na maana. Kamera za joto nazo zina mtego wake: nyingi hutoa faili ya JPEG yenye data ya joto iliyofichwa ndani. Ukiifungua kwenye programu ya kawaida na kuihifadhi upya, picha inabaki ileile kwa macho, ila joto limekwenda.

Hatari hiyo ya kupoteza data iliyofichwa inahusu picha zote. Kodineti, pembe za kamera na usahihi wa RTK (GPS ya usahihi wa sentimita) vimo kwenye metadata, sehemu zinazoitwa EXIF na XMP. Programu za kurekebisha picha mara nyingi hubakiza EXIF na kufuta XMP. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kama picha, zinapunguzwa na kodineti zinapotea. Wenzako wa uwandani waelezwe kabla, si baada. Faili za awali zifungwe zisiandikike, na kazi yoyote ifanyike kwenye nakala. Na usigeuze JPEG kuwa TIFF ukidhani unaongeza ubora: megabaiti 8 zitakuwa 60, na kilichopotea hakirudi.

Sasa faili ya kukabidhi, ambako makosa ni mengi zaidi. Eneo letu la kilomita 10 kwa 10, kwa sentimita 3, ni pikseli 333,333 kila upande, karibu bilioni 111. Kwa baiti 3 kila pikseli ni gigabaiti 333 bila mbano, na bendi ya nne ya uwazi inazifikisha 444. Faili ya JPEG ya kawaida haivuki pikseli 65,535 kwa upande, kwa hiyo imeshatoka. TIFF ya zamani inaishia gigabaiti 4 kwa sababu anwani zake za ndani ni za biti 32; ikifika hapo uandishi unakatika, wakati mwingine baada ya saa nyingi za kuchakata. Unahitaji BigTIFF, yenye anwani za biti 64, na uiombe wewe mwenyewe, kwani programu ikiwa inabana haiwezi kujua mapema faili itaishia wapi.

Kwa picha ya kutazamwa, tunachopendekeza ni GeoTIFF (TIFF yenye kodineti za ramani) ya vigae, yaani iliyogawanywa vipande vidogo vya mraba, yenye mbano wa JPEG ndani yake na piramidi, kwa mpangilio wa COG, unaoruhusu kusoma sehemu tu ya faili. Kwa GDAL, zana huria za kuchakata ramani, kuanzia toleo la 3.1 amri ni moja:

gdal_translate ortho.tif ortho_cog.tif -b 1 -b 2 -b 3 -mask 4 -of COG -co COMPRESS=JPEG -co QUALITY=85 -co BIGTIFF=YES

Kipande cha -mask 4 ndicho watu hukisahau. Programu nyingi za kushona hutoa bendi nne, ya nne ikionyesha palipo na picha na pasipo. Ukiitupa na kusema "sifuri ni utupu", JPEG itakuumbua. Inabana pikseli kwa vizuizi vya 8 kwa 8 na kusambaza makosa ndani ya kizuizi, hivyo weusi uliokuwa 0 ukingoni unakuwa 1, 2 au 3. Hizo hazihesabiwi kuwa utupu, na ramani inapata pindo jeusi lenye madoa kuizunguka. Upande mwingine, paa jeusi lenye 0 halisi linageuka tundu. Barakoa, yaani hiyo bendi ya nne iliyotajwa kwa -mask 4, inatunzwa bila kupoteza kitu, na inaondoa matatizo yote mawili.

Piramidi, yaani nakala ndogondogo za picha kwa ajili ya kutazama kwa mbali, zinaongeza theluthi moja ya ukubwa. Usiziache ili kuokoa nafasi. Bila hizo, kuonyesha eneo zima kwenye skrini kunalazimisha kompyuta isome mabilioni ya pikseli.

Hata hivyo faili moja kubwa si lazima. Kwa eneo hili tungekata karatasi 100 za kilomita moja kwa moja, kila moja pikseli 33,333 kwa upande, na kuziunganisha kwa faili ndogo ya VRT (orodha inayoelekeza kwenye karatasi hizo) inayotengenezwa na gdalbuildvrt. Kosa likipatikana kwenye karatasi moja unarudisha hiyo tu, na unakili ukikatika huanzi upya.

Modeli ya mwinuko, yaani faili ya urefu wa ardhi, isiguswe na JPEG kamwe. Ni nambari za desimali za biti 32; ibane kwa DEFLATE, mbano usiopoteza kitu, pamoja na PREDICTOR=3. ZSTD, mbano mwingine wa aina hiyo, ina kasi zaidi, ila programu za zamani za mteja huenda zisiifungue. Angalia pia kitufe cha kuhamisha: programu nyingi zina chaguo la kutoa picha jinsi inavyoonekana, na ukilichagua mteja anapokea rangi za kijani na kahawia badala ya mita.

JPEG2000 inabana vizuri na inakubali biti 16; picha za Sentinel-2 husambazwa kwa fomati hiyo. Tatizo lake ni uzito wa kuifungua. ECW na MrSID, fomati za kampuni binafsi, zina wateja wao, hasa ofisi za wahandisi na wapimaji, lakini kuziandika kunahitaji leseni na si kila programu inazisoma. Zitoe zikiombwa, na usizifanye nakala yako pekee. Mteja anayetaka ramani kwenye simu uwandani apewe MBTiles, faili moja yenye vigae vya ramani.

Kabla ya kunakili, kumbuka kwamba fleshi yenye FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele; tumia fleshi yenye exFAT. Kisha endesha gdalinfo, amri ya GDAL inayoonyesha maelezo ya faili, juu ya kila karatasi. Unatafuta mfumo wa kodineti ulioandikwa, Block=512x512, mstari wa Overviews, COMPRESSION=YCbCr JPEG na Mask Flags: PER_DATASET. Ukikuta Block=33333x1, faili imeandikwa kwa mistari badala ya vigae, na mteja akitaka kona moja tu kompyuta yake italazimika kusoma upana mzima wa karatasi. Iandike upya ingali mezani kwako.