Usiuze TV ya zamani kwa sababu ya sauti: nilivyofunga spika za nyuma bila waya

Mkuu, shida yako imenirudisha Tanga, sebuleni kwa mzee wangu. Umesema TV yako ni flati ya mwaka 2010, haina Bluetooth, ina matundu mawili ya HDMI na tundu jingine limeandikwa OPTICAL. Umenunua seti ya spika tano na sabufa, spika za nyuma hazina waya, ila ziko kimya. Ukajaribu kile kifaa kidogo cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye tundu la hedifoni, sauti ikawa inachelewa. Sasa unauliza kama ununue TV mpya. Usinunue. Kama picha bado ni nzima, kinachokusumbua ni njia inayopita sauti, na njia hiyo inarekebishika.

TV ya mzee ni ya inchi 32, ya mwaka 2009. Masikio yake yamepungua, na kilichonihangaisha mimi si filamu, ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Alikuwa anapandisha sauti mpaka vispika vya TV vinakwaruza, na bado ananigeukia: "Amesemaje, mwanangu?" Nikamnunulia seti kama yako, na mimi pia nikaanza na Bluetooth. Mechi ya kwanza tu tukakoma: mwamuzi anatoa filimbi mdomoni, ndipo mlio unafika.

Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250 hivi, kwa sababu sauti inabanwa upande mmoja na kufunguliwa upande wa pili. Ukiingia kwenye menyu ya mashine (ile amplifaya ya seti inayogawa sauti kwa spika) utakuta sehemu ya kurekebisha sauti na picha ziende pamoja, utadhani umepona. Ile huongeza kuchelewa kwa sauti tu, haiwezi kuiwahisha. Inasaidia pale picha inapochelewa, na wewe shida yako ni kinyume chake. Halafu, Bluetooth hiyo hupeleka njia mbili tu, kushoto na kulia. Spika za nyuma zitapata nini?

Kwa hiyo kutoka kwenye TV mpaka kwenye mashine tumia waya. Neno "bila waya" kwenye boksi la seti yako linahusu safari ya kutoka kwenye mashine kwenda nyuma ya makochi, basi. Na hata huko nyuma lazima kuwe na soketi ya umeme. Seti nyingi zina kiboksi kimoja cha kupokea, halafu waya mfupi unatoka hapo kwenda spika ya kushoto na ya kulia. Ya mzee iko hivyo, nikaupitisha waya chini ya zulia.

Sasa waya upi? HDMI yenye uwezo wa kurudisha sauti, ile iliyoandikwa ARC, ilikuja na toleo la 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo TV za umri huo nyingi hazina. Angalia maandishi kwenye tundu. Kama hakuna ARC, usipoteze muda hapo. Chukua waya wa mwanga, uende kwenye OPTICAL. Kabla ya kuuchomeka, kagua ncha zake: kuna vifuniko vidogo vya plastiki, vingine havina rangi, huvioni mpaka uguse kwa ukucha. Mimi nilihangaika nusu saa kumbe kimoja kilikuwa bado kimevaa. Ukichomeka upande mmoja na TV imewaka, ncha ya pili inatakiwa itoe mwanga mwekundu. Usiukunje kwa nguvu kama waya wa shaba.

Kisha ingia menyu ya TV, zima spika za TV, na kwenye sauti ya dijitali ondoa PCM uweke Bitstream, Dolby Digital au Auto, jina linategemea TV. Ikibaki PCM, unatoa njia mbili tu.

Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa, kwa sababu wamefanya yote hayo na spika za nyuma bado hazisemi. TV nyingi za zamani hutoa 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa) kwenye OPTICAL kwa chaneli za antena yake yenyewe tu. Kinachoingia kwa HDMI zinakitoa kama njia mbili. King'amuzi kinapochomekwa kinaiuliza TV, "Unapokea sauti gani?", nayo inajibu kwamba ina spika mbili, basi kinatuma mbili. Hakuna fundi atakayelibadilisha jibu hilo kwa rimoti.

Dawa ni kuiacha TV ibaki na kazi ya picha tu. Kama king'amuzi au deki yako ina OPTICAL, toa sauti hapo moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Kama haina, tafuta kifaa kinachoandikwa kwenye boksi HDMI Audio Extractor. King'amuzi kinaingia upande mmoja, picha inatoka kwenda TV, sauti inatoka kwa OPTICAL. Cha kwangu nilikipata Kariakoo kwa sh. 45,000. Kina swichi ndogo pembeni yenye PASS, 2CH na 5.1CH. Ikiwa kwenye PASS, kinarudia lile jibu la TV, kwa hiyo sukuma kwenye 5.1CH, uzime king'amuzi na kukiwasha tena. Nilipofanya hivyo taa ya Dolby Digital kwenye mashine ikawaka kwa mara ya kwanza, tukaweka filamu, na mvua ikanyesha nyuma ya kochi la mzee. Aligeuka kuangalia dirisha.

Chaneli nyingine zinarushwa kwa njia mbili, huko hakuna waya utakaoleta 5.1. Tafuta Pro Logic kwenye rimoti ya mashine. Inachambua njia mbili, kile kinachofanana kushoto na kulia, ambacho mara nyingi ni maneno, kinapelekwa spika ya katikati. Kwa mzee hiki ndicho kilikuwa kitu chenyewe. Nikaipandisha spika ya katikati desibeli 4, na msomaji wa habari akasikika wazi bila nyumba nzima kutikisika. Mwenye TV ya kichogo, hili linamfaa pia, kwa sababu Pro Logic inafanya kazi hata kwa waya wa nyekundu na nyeupe.

Spika za nyuma ziweke pembeni kidogo nyuma ya mkaaji, juu ya usawa wa masikio. Pima kwa futi ya fundi umbali wa kila spika mpaka kochini, uingize kwenye menyu. Zikikatika-katika, tazama ruta ya intaneti iko wapi. Ya mzee ilikuwa imekaa juu ya mashine, zote zinatumia masafa ya 2.4 GHz. Niliihamishia chumba cha pili zikatulia.

Kingine, rimoti ya TV haitapandisha tena sauti, kazi hiyo ni ya rimoti ya mashine. Nilifunga selotepu nyekundu kwenye kitufe cha sauti cha rimoti ya mashine, na mzee hajanipigia simu kuhusu hilo tena.

Piga picha mgongo wa TV, wa king'amuzi na wa mashine, maandishi ya matundu yaonekane, uweke hapa nikuonyeshe waya upi unaingia wapi.