Gazeti la Mwezi la Shule ya Msingi: Maswali ya Wasomaji

Barua tulizozichagua kwa safu ya toleo hili zinahusu jambo moja, nalo ni ile karatasi ya habari na shughuli za shule ambayo mtoto huitoa kwenye mkoba kila mwezi, mara nyingi ikiwa imekwisha kunjwa na kuchanika pembeni. Tumezifupisha bila kugeuza maana yake.

Swali: Ndugu Mhariri, nafundisha shule ya msingi, na mwalimu mkuu amenikabidhi kazi ya kuandaa gazeti la shule la kila mwezi. Matoleo yaliyopita yalikuwa na kurasa nane, hotuba ya uongozi ikitangulia, na picha nyingi za wageni waliotutembelea. Nahisi wazazi hawalisomi, maana wiki ile ile tunayoligawa hupiga simu kuuliza shule inafungwa lini. Nianzie wapi? — *Mwalimu wa darasa la nne*

Jibu: Mwalimu, hizo simu ndizo zikuongoze. Mzazi anayeuliza shule inafungwa lini, ilhali tarehe imeandikwa ukurasa wa sita, hajakataa kusoma; hakuwekewa mbele kile alichokuwa anakitafuta. Gazeti la shule husomwa na mtu mwenye kazi nyingine mkononi, na swali lake la kwanza ni hili: mwezi huu natakiwa kufanya nini kwa ajili ya mwanangu? Kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe wa tarehe zijazo, na kila tarehe iambatane na jina la siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, madarasa yanayohusika, kitu ambacho mtoto anatakiwa kuja nacho, na siku ya mwisho ya kurudisha fomu kama ipo. Tangazo kwamba mkutano wa wazazi utafanyika katikati ya mwezi halimsaidii mtu anayelazimika kuomba ruhusa kazini. Ukiandika "Mkutano wa wazazi wa darasa la tatu na la nne, Alhamisi tarehe 14, saa tisa hadi saa kumi na nusu alasiri, ukumbini", umemwezesha kujipanga. Kabla ya kudurufu, chukua kalenda uhakikishe kwamba tarehe 14 ni Alhamisi kweli, kwa sababu anayeanza na nakala ya mwezi uliopita na kubadilisha namba peke yake ni rahisi sana kuacha siku na tarehe zisizopatana, na mkanganyiko wa namna hiyo huwaleta shuleni watu siku isiyo yao.

Habari za mambo yaliyokwisha kufanyika zifuate nyuma ya tarehe, na hapa nakuomba uwe na ujasiri wa kuyaacha mengi. Mbili au tatu zilizoelezwa vizuri zinashinda kumi zilizotajwa tu. Chukua mfano wa siku ya usafi. Mazoea ni kuandika kwamba wanafunzi na walimu walishiriki kikamilifu katika zoezi la usafi lililofana sana. Sentensi hiyo ingeweza kuchapishwa na shule yoyote, mwezi wowote, na mzazi akimaliza kuisoma bado hajui mwanawe alifanya nini siku hiyo. Ifikirie habari hiyo hiyo ikiandikwa hivi: "Darasa la pili walitoa vitabu vyote kwenye rafu za maktaba na kuvifuta vumbi. Nyuma ya rafu ya mwisho walikuta vitabu vitatu vya hadithi vilivyokuwa vimeandikwa kwenye daftari kuwa vimepotea. Vitabu hivyo vinaweza kuazimwa kuanzia Jumatatu." Nalipa jambo hili uzito kwa sababu mtoto akiulizwa jioni habari za shule hujibu "nzuri", na mazungumzo yakakatikia hapo, lakini akiulizwa juu ya vitabu vilivyokutwa nyuma ya rafu ataeleza nani aliviona kwanza, nani aliogopa buibui, na yeye mwenyewe anataka kuazima kipi. Hayo mazungumzo ya nyumbani ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo gazeti la shule linaweza kuleta, na hayapatikani kwa maneno ya jumla.

Kuhusu urefu, karatasi moja ya A4 iliyochapishwa pande zote mbili inatosha shule nyingi. Ikibidi kuongeza, tumia karatasi ya A3 iliyokunjwa katikati, inayokupa kurasa nne za A4. Ukishaanza kukunja, kijitabu huongezeka kwa kurasa nne nne, na habari ya ukurasa wa tano itakulazimu kutafuta cha kujazia kurasa tatu zaidi. Nadhani hotuba nyingi na picha nyingi za wageni huingia gazetini kwa njia hiyo. Ujumbe wa mwalimu mkuu upewe aya moja, na autumie kueleza uamuzi mmoja uliofanyika mwezi huo pamoja na sababu yake, kwa mfano kwa nini saa ya kuondoka kwa madarasa ya chini imebadilishwa. Mzazi aliyeelezwa sababu huupokea uamuzi kwa moyo tofauti na yule aliyeamriwa.

Mwisho, weka daftari katika chumba cha walimu, na umwombe kila mwalimu aandike mistari miwili siku ile ile tukio linapotokea. Usipofanya hivyo utaimaliza wiki ya mwisho ya kila mwezi ukiwafuata wenzako darasa kwa darasa, nao watakuwa wamekwisha kusahau yale mambo madogo ambayo ndiyo yenye uhai.

Swali: Mhariri, picha ya binti yangu ilichapishwa kwenye gazeti la shule pamoja na jina lake kamili na darasa lake, kisha ikatumwa kwenye kundi la wazazi la simu na kuwekwa kwenye tovuti ya shule. Hakuna aliyeniuliza. Nilipolalamika nikaambiwa kwamba ni heshima kwa mtoto kuonekana. Je, nimekosea kulalamika? — *Mama wa watoto wawili*

Jibu: Hujakosea hata kidogo, mama. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unamlinda mtoto katika Ibara ya 16 dhidi ya kuingiliwa faragha yake kiholela, na hausemi kwamba ulinzi huo unakoma anapoingia lango la shule. Picha iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo huonwa na wanaopita pale. Picha ya intaneti inaweza kunakiliwa na mtu yeyote, ikahifadhiwa kwa miaka, na ikiwa na jina kamili, darasa na jina la shule, imempa mtu asiyejulikana kila anachohitaji ili kumkuta mtoto huyo na kujifanya anamfahamu.

Iombe shule iandae fomu ya ridhaa mwanzoni mwa mwaka, na ridhaa ya karatasi itenganishwe na ridhaa ya intaneti, kwa kuwa mzazi anaweza kuikubali moja na kuikataa nyingine. Fomu ieleze pia kwamba mzazi anaweza kubadili uamuzi wakati wowote. Hata kwa aliyekubali, busara ni kwamba penye sura ya mtoto pasiwe na jina kamili, na penye jina kamili pasiwe na sura. Mtoto naye aulizwe. Ibara ya 12 ya mkataba huo inampa haki ya kutoa maoni juu ya mambo yanayomhusu, na wapo watoto wa miaka saba wanaoona aibu kubwa kwa picha ambayo sisi watu wazima tunaiona nzuri.

Naongeza mambo mawili ambayo hukuyauliza. Safari ya wanafunzi isitangazwe hadharani mapema kwa saa na mahali kamili. Maelezo hayo yapelekwe kwa wazazi wa darasa husika peke yao. Na orodha ya alama za mtihani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho haina nafasi katika gazeti la shule, kwa sababu yule wa mwisho analipeleka nyumbani kwa mkono wake mwenyewe.

Swali: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano. Mimi na wenzangu tunataka kuandika kwenye gazeti la shule yetu, lakini tumeambiwa tutaandika makosa na shule itapata aibu. Tufanye nini? — *Msomaji wa darasa la tano*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi sana kuipata barua yako, na napenda ujue kwamba watoto wa umri wako wamekwisha kuifanya kazi hii kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1920 mwalimu mmoja wa Ufaransa, Célestin Freinet, aliingiza mashine ndogo ya kuchapia katika darasa lake kwenye kijiji cha Bar-sur-Loup. Watoto waliandika habari za maisha yao, wakazipanga herufi moja moja kwa vidole vyao, wakachapa, na kubadilishana kurasa zao na wanafunzi wa shule nyingine iliyokuwa mbali. Mwaka 1926, katika jiji la Warsaw nchini Poland, daktari na mlezi wa watoto Janusz Korczak alianzisha *Mały Przegląd*, gazeti la watoto lililotoka kila wiki pamoja na gazeti la watu wazima. Liliandikwa kwa barua na habari za watoto wenyewe, na liliendelea kutoka hadi vita vilipoanza mwaka 1939. Ule mkataba nilioutaja katika jibu lililotangulia nao unasema, katika Ibara ya 13, kwamba mtoto ana uhuru wa kutafuta habari, kuzipokea na kuzitoa, kwa mdomo, kwa maandishi au kwa chapa.

Sasa msiende kwa mwalimu na maombi matupu. Nendeni na habari iliyokwisha kuandikwa. Chagueni jambo dogo ambalo mnaweza kulichunguza wenyewe hadi mwisho. Mnaweza, kwa mfano, kumwomba mwalimu wa maktaba awaonyeshe daftari la kuazima, mkahesabu ni kitabu kipi kimeazimwa mara nyingi zaidi mwezi huu, kisha mkawatafuta wanafunzi wawili waliokisoma na kuwauliza walipenda nini. Mmoja aulize, mwingine aandike majibu vile vile yalivyosemwa. Msiandike kwamba wengi walikiazima kama mnaweza kuandika ni wangapi, na msiandike jambo mlilolisikia kwa mtu bila kwenda kulihakikisha. Mkimaliza, mmoja wenu asome kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa, sentensi hiyo inahitaji kurekebishwa.

Na kwa walimu watakaolisoma jibu hili: rekebisheni tahajia, lakini sauti ya mtoto iacheni. Mtoto akiandika kwamba mbio za magunia zilichelewa kwa sababu gunia moja lilikuwa na tundu na mguu wa mwenzake ukatokeza, msimbadilishie iwe "mashindano yalikumbwa na changamoto za vifaa". Ameona, amekumbuka, amesema kwa ukamilifu. Kosa moja la tahajia lililoponyoka haliiaibishi shule inayofundisha kuandika.

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi. Kila nikisoma gazeti la shule naona siku ya kimataifa ya hili na ya lile, na watoto hupoteza vipindi kwa kufanya mazoezi ya nyimbo na maigizo. Je, shule inalazimika kuziadhimisha zote? — *Mzazi*

Jibu: Hailazimiki, na haiwezi. Zipo nyingi kuliko wiki za masomo. Ushauri wangu ni siku moja kwa mwezi, ichaguliwe mwanzoni mwa mwaka, na iwe ile inayoingia ndani ya somo lenyewe badala ya kulisimamisha. Tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1967, inaweza kuwa siku ya darasa la sita kuwasomea hadithi darasa la kwanza, na kipindi cha lugha hakijapotea. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Kunawa Mikono Duniani, nayo inafaa kipindi cha sayansi: watoto wapime kwa saa ya ukutani sekunde 20 za kusugua kwa sabuni, waone jinsi zilivyo ndefu kuliko walivyodhani. Siku ya Walimu Duniani, tarehe 5 Oktoba, iliyoanza mwaka 1994, haihitaji jukwaa wala zulia. Barua fupi ambayo kila mtoto amemwandikia mwalimu mmoja inatosha, na ni zoezi zuri la uandishi wa barua. Kama kamati yenu inataka kuwa na hoja yenye nguvu mbele ya uongozi, hesabuni vipindi vilivyotumika kwa mazoezi muhula uliopita, mpeleke hesabu hiyo pamoja na pendekezo la siku mnazotaka zibaki.

Swali: Namlea mjukuu wangu aliye darasa la tatu. Kusoma kwangu ni kwa shida, na karatasi za shule zina maandishi madogo. Nafanyaje nisipitwe? — *Bibi mlezi*

Jibu: Shikamoo bibi. Tumeandikiwa barua yako na mkono wa mtu mwingine, na tunamshukuru aliyekusaidia. Mwombe mjukuu akusomee ukurasa wa tarehe kwa sauti siku ile ile anapouleta, kisha azungushie kwa kalamu zile zinazolihusu darasa lake, na karatasi ibandikwe mahali mnapopita kila asubuhi. Mwalimu wa darasa naye anaweza kuwasomesha wanafunzi ukurasa huo darasani kabla ya kuugawa, ili mtoto aufikishe nyumbani akiwa anaujua. Kuhusu maandishi madogo, mwambie mwalimu bila kuona haya. Herufi zinakuzwa kwa muda mfupi tu kwenye kompyuta, na shule ikipunguza maneno katika gazeti lake itapata nafasi ya kutosha kuzikuza kwa wazazi na walezi wote.