Maswali ya Wasomaji: Je, Nimlipe Mshawishi wa Mitandaoni Anipatanie Bei ya Gari?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninajiandaa kununua gari kwa mara ya kwanza, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifuatilia video za mshawishi mmoja wa mitandaoni ambaye huwapatania watu bei. Humpigia muuzaji simu akiwa ameweka spika, hutaja kiasi anachotaka, muuzaji hukataa, wanavutana kidogo, kisha bei hushuka na mteja aliyeketi kando yake hufurahi. Kwa kazi hiyo hutoza ada moja isiyobadilika, nayo hulipwa mapema. Kaka yangu anasema hayo ni maigizo matupu. Mimi naona haya kubishana bei na watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku, na ningependa kusaidiwa. Je, nimlipe?
Mnunuzi wa mara ya kwanza

JIBU: Ndugu Mnunuzi, haya unayoiona ina sababu, wala usiihesabu kuwa udhaifu. Muuzaji hufanya mapatano ya namna hii kutwa nzima, nawe huenda ukayafanya mara chache tu maishani mwako. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alilitumia soko la magari yaliyotumika kueleza jinsi biashara inavyoharibika pale upande mmoja unapojua mengi kuliko mwingine, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa utafiti wa aina hiyo. Kumtafuta mjuzi akusimamie ni jambo la busara, na madalali wa wanunuzi walikuwapo kabla ya simu za mkononi kuwapo. Kwa hiyo sikubaliani na kaka yako kwamba kila afanyaye kazi hii ni mwigizaji. Shaka yangu ni kwamba video inakuonyesha kipande kimoja tu cha biashara, nacho ndicho kipande ambacho muuzaji anaweza kukiachia bila kuumia sana.

Fikiria kwanza kile usichokiona. Mtu anayeishi kwa idadi ya watazamaji hana sababu ya kurusha simu kumi ambazo muuzaji alikataa katakata na mazungumzo yakaishia hapo, na hatarudi baada ya mwezi mmoja kukuonyesha mteja aliyefika dukani akakuta bei iliyotajwa kwenye simu imeongezewa ada. Unachokitazama ni simu zilizofaulu, tena hadi mahali zilipofaulu. Ahadi ya mdomo kwenye simu haijawa mkataba, hata ikisikika na watu milioni moja.

Halafu kuna bei yenyewe. Washawishi wengi hujisifu kwamba wamelipata gari chini ya bei ambayo muuzaji alilinunulia kiwandani, na msikilizaji hudhani kwamba muuzaji amepata hasara. Nchini Marekani, ambako video hizi zimeshamiri, watengenezaji wengi humrudishia muuzaji asilimia kadhaa ya bei baada ya gari kuuzwa, na mara nyingine humwongezea bakshishi akifikisha idadi fulani ya magari. Ankara ya kiwandani, kwa hiyo, haionyeshi gharama halisi ya muuzaji, na mtu anayekuhakikishia kwamba ameshuka chini yake huenda anasema kweli huku muuzaji akibaki na faida yake.

Faida hiyo aghalabu hujificha kwenye mkopo, na hapa naomba univumilie kwa hesabu kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapoumia. Tuseme umekopa 10,000, kwa sarafu yoyote uitumiayo, kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, na utalipa kwa miezi 60. Kila mwezi utalipa takribani 198, na hadi mwisho utakuwa umelipa kama 11,880. Sasa muuzaji anakwambia kwamba, kwa heshima ya yule aliyekuleta, atakupunguzia marejesho hadi 180 kwa mwezi. Ukifungua mkataba unakuta riba imepanda hadi asilimia 9 na muda umerefushwa hadi miezi 72, na jumla utakayolipa ni karibu 12,980. Marejesho ya mwezi yamepungua, nawe umelipa karibu 1,100 zaidi kwa kila 10,000 uliyokopa. Punguzo la bei lililoshangiliwa kwenye video linaweza kumezwa lote na badiliko hilo moja, ambalo hufanyika ofisini, kamera ikiwa imezimwa na mshawishi akiwa amekwisha kuhamia kwa mteja mwingine.

Hili si jambo la kubuni. Nchini Uingereza, mamlaka inayosimamia huduma za fedha ilipiga marufuku kuanzia Januari 2021 mfumo ambao ulimwezesha muuzaji wa magari kumpandishia mteja riba ili yeye mwenyewe apate kamisheni kubwa zaidi kutoka kwa mkopeshaji. Mamlaka hiyo isingelazimika kuizuia tabia hiyo kama isingekuwa imeenea. Yapo pia makato mengine ambayo sitayachambua hapa: thamani ndogo anayopewa mtu anayetoa gari lake la zamani kama sehemu ya malipo, waranti za nyongeza, na vifaa ambavyo hukuviomba.

Baada ya hayo ndipo tufike kwenye swali ambalo ningekuwa wewe ningeliuliza kabla ya mengine yote: huyu mtu analipwa na nani? Ukimlipa wewe peke yako, anakutumikia wewe. Akipokea pia kitu kutoka kwa muuzaji, kwa kila mteja anayempeleka au kwa kutangaza jina la duka, basi ana mabwana wawili, na yule wa pili ataonana naye tena wiki ijayo ilhali wewe hatakuona tena. Miongozo ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, inamtaka mtu anayependekeza bidhaa au biashara aweke wazi uhusiano wowote wa maslahi alio nao na mwenye biashara hiyo, kwa namna ambayo mtazamaji hawezi kuikosa. Hata pale ambapo hakuna sheria kama hiyo, una haki ya kumtaka akuandikie kwa maneno machache kwamba hapokei chochote kutoka kwa muuzaji. Mtu mwaminifu atakuandikia bila kusita. Muulize vilevile kama anayo leseni panapohitajika. Katika jimbo la California, kwa mfano, udalali wa magari ni kazi inayohitaji kibali maalum, na ukimtumia mtu asiyekuwa nacho, huenda ikawa vigumu zaidi kudai haki yako mambo yakiharibika.

Kuhusu ada isiyobadilika, ina uzuri wake, kwa sababu haimshawishi akununulie gari la bei kubwa zaidi. Lakini ikilipwa yote mapema inamwondolea pia sababu ya kukaa nawe hadi mkataba unaposainiwa. Mwombe apokee nusu sasa na nusu baada ya kuusoma mkataba wa mwisho pamoja nawe, mstari kwa mstari. Jibu lake kwa ombi hilo litakufunza mengi kuliko video zake zote. Akikubali, na akakuandikia kwamba analipwa na wewe peke yako, sioni kosa kumtumia. Akikataa yote mawili, kazi anayoifanya unaweza kuifanya mwenyewe kwa maandishi, jambo linalowafaa sana watu wenye haya: waandikie wauzaji watatu au wanne, taja gari lile lile, na uombe kila mmoja akutajie jumla kamili, pamoja na ada na kodi zote. Ulizia mkopo kwenye benki yako kabla ya kwenda dukani, ili riba utakayotajiwa huko uwe na cha kuilinganisha nacho.

SWALI: Mimi nimeshalipa ada, na gari limepatikana. Mkataba nilioletewa una gharama mbili ambazo hazikutajwa kwenye simu. Mshawishi ananihimiza nisaini leo, kwa kuwa gari litachukuliwa na mwingine, na anasema naweza kulirudisha ndani ya siku tatu nisiporidhika. Nifanye nini?
Msomaji mwenye haraka

JIBU: Usisaini leo. Imani ya siku tatu imeenea sana na imewaponza wengi: hata nchini Marekani, ambako kanuni ya siku tatu ya serikali ya shirikisho ipo kwa baadhi ya mauzo, haihusu gari ulilonunua kwenye duka la kudumu la muuzaji. Haki ya kurudisha gari huwa ipo ikiwa sheria ya mahali ulipo inaitaja au mkataba wenyewe unaitaja, kwa hiyo mwombe anayekuahidi akuonyeshe kifungu hicho. Mwandikie muuzaji ukimtajia jumla iliyokubaliwa kwenye simu, na umtake aziondoe gharama hizo mbili au aeleze ni za nini. Ada uliyokwisha kumlipa mshawishi isikusukume kukubali, maana hairudi kwa wewe kusaini, ilhali gharama hizo, zikiingizwa kwenye mkopo, utazilipia riba hadi mwezi wa mwisho.