Maswali na Majibu: Kupima Kitu Kikiwa Mbioni

Gurudumu la kupimia kebo linaandika mita 100, lakini wenye maduka mjini wanasema zinapungua. Nani mkweli? (Fundi wa mashine, Baba Dogo)

Ndugu yangu, huenda wenye maduka ni wakweli. Tuseme mzingo wa gurudumu ni milimita 500. Mita 100 ni mizunguko 200. Mpira wa gurudumu ukilika hadi kipenyo kipungue milimita 1 tu, kila mzunguko unapungukiwa na milimita 3.14. Zidisha kwa 200: mteja amekosa sentimita 63, na kaunta haina habari. Gurudumu likiteleza kwa maji au vumbi, mambo yanageuka: kebo inapita bila kuhesabiwa na hasara inarudi kwenu.

Kipimo cha leza hakiigusi kebo. Miali miwili hukutana juu yake na kuchora mistari ya mwanga na giza iliyosongamana kuliko upana wa unywele. Kila kijidoa cha kebo kinachokatiza mistari hiyo humetameta, na kadiri kebo inavyokimbia ndivyo kinavyometameta upesi. Kifaa husoma kasi kutokana na mimeto hiyo, kisha huzidisha kasi kwa muda kupata urefu. Nafasi kati ya mistari hutokana na rangi ya mwanga na pembe ya miali. Hakuna mpira wa kulika hapo, na ndiyo sababu nakiamini. Bei yake ni kali. Kama hamjajaliwa, pimeni kipenyo cha gurudumu kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene) kila Jumatatu. Anayeuza kwa mita anabanwa na Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na yule mteja amelipa mita 100 kamili.

Kamera ya kukagua vifuniko vya chupa inatoa picha zenye ukungu. Nimeongeza taa, wapi! (Dada wa ukaguzi, Ruaraka)

Dada, tatizo ni muda. Mkanda ukienda mita 2 kwa sekunde na jicho la kamera likikaa wazi sehemu moja ya elfu ya sekunde, kifuniko kimeshasogea milimita 2. Ufa mwembamba utauonaje? Weka taa ya kumweka, iwake kwa mikrosekunde 20 (sehemu 20 za milioni ya sekunde), kifuniko kisogee milimita 0.04 tu. Kisha ikinge kamera na taa za darini: umeme wetu ni wa hezi 50, na mirija ya zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde, picha moja ikatoka nyeupe na nyingine nyeusi. Waonye wageni pia. Chini ya taa inayomweka, gurudumu linalozunguka laweza kuonekana limesimama, na mtu akapeleka mkono.

Kipimo cha unene kinakataa waya mzuri tangu saa nane usiku. (Zamu ya usiku, Viwandani)

Panguza kioo kwanza. Kifaa hicho hupima kivuli cha waya, na tone la mafuta lina kivuli chake. Niliwahi kuhangaika na mipangilio hadi alfajiri, kumbe ni alama ya kidole; tulikuwa tumeshatupa waya mzima. Kioo kikishatakata, weka pini ya chuma yenye cheti cha unene wake uone kama kinasoma sawa. Kisiposoma, maabara ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iko Barabara ya Popo.

Leza haitaniharibu macho? (Kibarua, Viwandani)

Soma kibandiko. Daraja la 2 halizidi miliwati 1, na kope hukukinga mradi usiukodolee mwali. Ukiona daraja la 3B, usisogee bila miwani yake, wala usipitishe spana inayong'aa mbele ya mwali.